Uzi: Salo yenye kuanzia ku tablo, kulere (rangi) gani inaingia ku ukuta?

#1 MamaSalo_Kamalondo
Jambo kwenu bote. Niko na tablo ya mamba muntu, ya zamani ya kweli, baba aliiacha, banaichora ku kitambaa ya mufuko wa unga na ku mugongo ungali unaona maandishi ya mufuko. Maji bluu, mwanamuke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka, saa ku mukono. Sasa niko natengeneza salo upya na nataka bintu byote bitoke mu ile tablo, kulere ya ukuta, rido, mito ya fotei, hata karo nikipata falanga. Sitaki ile salo ya gri na nyeupe yenye iko mu kila nyumba mupya, na kadre za plastiki zenye maua ya inchi ingine.
Maulizo mbili. Ya kwanza, unachaguaka je kulere mu tablo yenye iko na kulere mingi? Ya pili njo inaniumiza roho: zamani ku Kamalondo, ku Kenya, ku Katuba, kartye zetu za hapa Lubumbashi, nyumba ya mufanyakazi wa kawaida ilikuwa na tablo ku ukuta, ya mukono ya pentre wa hapa hapa. Leo bantu banajenga nyumba kubwa kupita zile na ukuta inabaki mutupu. Ni nini ilifika?

#2 Fundi_Rangi_Ruashi
Mama jambo. Nitajibu ya kwanza, ya pili bakubwa batakuya.
Usikamate bluu ya maji kwa ukuta. Kila muteja ananiambiaka "piga kulere ya tablo", na yeye anaangalia ile yenye kupiga kelele zaidi. Ukifanya ukuta bluu moja na maji, tablo inazama, haionekane tena. Tafuta ile kulere yenye imekaa kimya mu kona, mara mingi iko udongo, muchanga, majani ya kukauka, kivuli ya muti. Hiyo njo ya ukuta. Bluu yenyewe uitie kidogo mbali na tablo, mito mbili, ao chupa moja juu ya meza.
Ma fundi banapendaka kuhesabu hivi: 60 kwa 100 ya chumba kulere moja ya pole, 30 ya pili ku rido na fotei, 10 ile ya kali. Siyo sheria ya serikali, lakini muntu yenye kuanza inamusaidia.
Na kulere usichague ku duka. Piga ku kartoni kubwa, isimamishe ku ukuta, iangalie asubuhi, saa sita, na usiku umeme ikikatika umebaki na taa ya batri. Ile ya batri inafanyaka kila kitu kuwa bluu-bluu, beji yako ya muzuri inakuwa kama ya maiti.

#3 Yaya_BelAir
MamaSalo, unatundika mamba muntu mu salo na siku ya Tano ba mama ba maombi banakuya kwako? Utaniambia vile ilipita 😂
Sasa ulizo yako ya pili jibu njo hiyo hiyo. Ni makanisa ya uamsho. Mi niliona na macho, mu miaka ya 90, nabii anaingia mu nyumba anaonyesha kidole ku ukuta, ile itoke, ile itoke. Mamba muntu banasema anapana utajiri na anaomba damu ya mutu ya familia, basi nani ataacha shetani pa ukuta na yeye iko na batoto? Zilichomwa mingi.

#4 Mwalimu_Katuba
Yaya @Yaya_BelAir, unasema ya kweli lakini umeanzia ku mwisho wa hadisi.
Tablo hizi zilikuwa za bantu ba mushahara. Pentre anapita na tablo ku begani, mufanyakazi wa Gécamines, kampani ya mine za shaba, ao wa reli amepata mushahara, ananunua. Kiisha mu mwaka 1990 mine yake ya Kamoto inaanguka, mu 1991 uporaji, kampani inalala, mushahara hakuna. Kama mushahara hakuna, pentre atauzisha kwa nani? Nabii alikuta ukuta imeisha kuwa na tundu la musumari tupu.
Na tukumbuke vile zilikuwa nyingi. Haikukuwa mamba muntu peke. Kulikuwa ile ya muntu juu ya muti kati ya simba, nyoka na mamba, kulikuwa ya mugini na mito, kulikuwa Colonie belge, ya wakati wa utawala wa Babelgiji, yenye mufungwa anapigwa fimbo chini ya bendera ya bluu yenye nyota moja. Pentre Tshibumba Kanda Matulu alifanya hapa Lubumbashi, mu 1973 na 1974, tablo karibu 100 zenye kuhadisia inchi yote kuanzia zamani, akazitolea maelezo kwa mwalimu mumoja wa Bulaya, Johannes Fabian, na leo ziko Amsterdam. Sasa ndugu zangu, ile njo kazi ya tablo mu salo yetu. Mugeni anaingia, anaangalia, anauliza, muzee anaanza kuhadisia. Ilikuwa ya ukumbusho. Haikukuwa ya kufanana na rido.
MamaSalo nisamehe, lakini mu maulizo yako ya kwanza kuna kitu inanichoma. Je, ungekuwa na Colonie belge, ungekamata damu ya mugongo ya mufungwa uifanyie kulere ya mito?

#5 Kijana_Kenya
Mwalimu umepiga kali 🙏 lakini mi nasema ni televizyo. Muangalie vile fotei zimepangwa mu nyumba yoyote. Zote zinaangalia sehemu moja. Zamani ile sehemu ilikuwa ya tablo na foto ya ndoa. Leo iko ekra ya inchi 55 na ukuta yote imekuwa ya kwake, hata ukitundika tablo pembeni hakuna muntu ataigeukia shingo. Makanisa ao mushahara, televizyo ingeingia tu.

#6 Ibanda_Bukavu
Salamu toka Bukavu. Mi nilifanya kile MamaSalo anataka, lakini kwa picha ya Van Gogh, mchoraji Mholanzi, ile ya chumba chake cha kulala, Arles, 1888. Nimepiga kuta zote bluu kama ya kwake, kitanda cha mbao nimekipaka njano ya siagi, mto mwekundu, dirisha la kijani. Kinapendeza sana na asubuhi ukungu wa ziwa ukiingia kile chumba kinakuwa na utulivu fulani sijui niseme vipi. Kwa hiyo mimi napingana na fundi, nimepiga ukuta rangi ileile kubwa ya picha na imekubali.

#7 Nyota_ya_Likasi
@Ibanda_Bukavu chumba chako kiko kizuri, sibishi. Ila ile bluu si ya Van Gogh. Mwenyewe aliandika kwa ndugu yake kwamba kuta ni za zambarau hafifu. Ndani ya ile zambarau kulikuwa rangi nyekundu dhaifu, mwanga ukaila kidogo kidogo kwa miaka, ikabaki bluu peke yake. Milango pia aliisema ya zambarau. Watu wa makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam ndio walichunguza na kuonyesha vile ilikuwa mwanzoni. Ukifikiri ile zambarau pembeni ya kitanda cha njano, ni chumba tofauti kabisa, njano na zambarau zinasukumana, na yeye alikuwa anatafuta chumba cha kupumzisha macho.

#8 Ibanda_Bukavu
Asante kwa hilo @Nyota_ya_Likasi, sikuwahi kulisikia. Lakini bluu yangu inabaki hapo ilipo, nimeizoea na watoto wanaipenda. Niliipenda picha kama inavyoonekana leo.

#9 Fundi_Rangi_Ruashi
Muone sasa, ile ya Nyota njo kitu nilikuwa nataka kusema juu ya tablo ya mama. Jua inakulaka kulere, na pentre zetu za zamani balitumia rangi yenye balipata, ingine ni ya nyumba. Usiitundike mbele ya dirisha ya mangaribi. Hapa Lubumbashi miezi mingi jua inapitia upande ya kaskazini, kwa ile dirisha ya kaskazini inaingizaka jua yote ya kipwa, miezi yenye haina mvua, ya kusini iko na mwangaza ya pole. Ukuta yenye kupata ile mwangaza ya kusini kwa upande njo ya tablo.
Na vumbi! Mwezi ya munane, ya kenda, ile vumbi nyekundu inaingia hata umefunga. Usipanguse na kitambaa ya maji, hata kidogo, juu rangi itajitoa. Burashi laini ya kukauka, toka juu kwenda chini. Na mvua ikianza, tia vipande vidogo vya koki nyuma ya kadre ku kona ine, ili hewa ipite kati ya tablo na ukuta, bila vile koga inakuya.

#10 MamaSalo_Kamalondo
Fundi aksanti, Mungu akubariki, ile ya koki sikuijua.
Yaya wangu, ba mama ba maombi banaijua ile tablo tangu baba iko muzima, mumoja wao ananiulizaka iko wapi 😊
Mwalimu, nimesoma post yako mara na mara. Naelewa. Lakini angalia upande yangu. Mu ile salo ya zamani tablo ilikuwa kitu ya pekee yenye kulere, ukuta ya chokaa, kiti ya mbao, basi jicho ilienda pale yenyewe. Leo nikiitundika mu salo yenye fotei ya ngozi nyeusi, ekra, plafo ya taa za kulere, itakuwa kitu ndogo ya kupotea. Nataka chumba yote imupeleke mugeni pale, akifika aulize, na mi nihadisie vile baba alinihadisia. Kulere ya rido ni njia ya kufika. Na damu ya mufungwa apana, sitaikamata, kuna tablo zenye haziombwe kitu.

#11 Shaba_na_Malakiti
Mi nafanyaka kazi ya kupiga shaba, zile tablo za sahani ya shaba yenye kugongwa na nyundo. Mama, umesahau kadre. Maji ya bluu ukiizungushia shaba yenye imepiga mwangaza, ile rangi ya machungwa ya shaba na bluu ni maadui ya muzuri, kila moja inamwamusha mwenzake. Kadre ya shaba tu, na ukuta ile ya muchanga ya fundi, umemaliza.
Ukipenda na kijani tia malakiti, boksi moja ao yai. Jiwe yetu, ile mistari yake ya kijani ya giza na ya wazi yenyewe ni shule ya kulere, muntu anaweza kupanga salo yote mu jiwe moja. Lakini sikia vizuri: shaba unaisafisha na ndimu na chumvi inakuwa kama mupya. Malakiti USITIE ndimu, usitie vinegre. Ile jiwe ni shaba imeshikana na bintu bingine, aside inaikula, polishi inatoka na hairudi. Maji kidogo, kitambaa, kausha.

#12 Kijana_Kenya
Uzi umekuwa wa jikoni sasa, ndimu na chumvi 😂 bado pilipili.

#13 Mwalimu_Katuba
Pilipili iko, kijana, na unapashwa kumujua. Pentre Pilipili Mulongoy, mu Hangar, shule ya kuchora ya Pierre Romain-Desfossés, hapa hapa, ilifunguliwa 1946 wakati muji ilikuwa inaitwa Elisabethville. Ndege, samaki, nyoka mu majani, na nyuma yao anajaza vidoto vidogo vidogo mupaka hakuna nafasi ya tupu. Mwenze Kibwanga alikuwa anafanya mistari mifupi mifupi, ya udongo, ya kahawia, nyeusi. Bela yeye alichora na vidole. Batatu tofauti kabisa.
Muntu yenye kutafuta salo ya kutulia aanze ku Mwenze. Kulere zake zote ziko mu udongo yetu, hata vumbi nyekundu ikiingia haitaharibu kitu, ni kulere moja. Pilipili nitamutia mu chumba ya batoto. Nimeisha kubadili kidogo, MamaSalo, jibu yako ya "njia ya kufika" nitaikubali, kwa tablo zingine.

#14 Golf_Plateau
Ndiyo hapo. Tuseme ukweli, hiyo ya kutundika tablo ni ya wazungu. Desfossés aliwapa karatasi na rangi, kabla yake sisi tulikuwa na sanamu tu, kupamba ukuta hatukuwa nayo. Njo maana ilipotea haraka, kitu ya kukopa inarudiaka kwa mwenyewe. Nyumba zetu zilirudia vile zilikuwa.

#15 Nyota_ya_Likasi
Hapana @Golf_Plateau, hii si kweli, na inaniuma kusikia mtu wa hapa anaisema. Miaka 20 kabla ya Hangar, mwaka 1926, Bukama, ku mto Lualaba, Albert Lubaki alikuwa anachora ku kuta za nyumba. Nyumba za udongo, wanyama, watu, miti. Mbelgiji mmoja wa utawala, Georges Thiry, akazipita akaziona, ndipo akamletea karatasi na rangi za maji ili zile picha zisiende na mvua. Bibi yake Antoinette naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zikaonyeshwa Brussels. Kwa hiyo karatasi ilifuata ukuta. Nyumba ilipambwa kwanza, muzungu akakuja kuiona.
MamaSalo anauliza namna ya kutoa kulere ku tablo kuipeleka ku nyumba. Kwa Bukama ilienda kinyume, nyumba ndiyo ilizaa tablo. Mimi nafikiri maarifa ilipotea pale tulipoacha kuta za udongo. Ukuta wa udongo unaukanda wewe mwenyewe, kila mwaka unaupaka tena, mkono umeuzoea. Saruji na karo umelipia fundi, umeambiwa usiguse, na unaogopa hata msumari.

#16 Golf_Plateau
Ya Bukama nimekubali. Ya saruji siikubali. Ukuta ya Kamalondo na Kenya ilikuwa matofali na chokaa na tablo zilijaa. Mwalimu amesema.

#17 Yaya_BelAir
Golf ana haki hapo. Na mi naona kuna kitu ingine hamutake kutaja, ni haya. Bijana banajenga nyumba yenye kufanana na ya Dubai ya mu telefone. Ukitia tablo ya mufuko wa unga, mugeni atasema huyu angali Katuba. Makanisa ilitoa zile za mamba muntu, sawa, lakini ile ya mugini na mito na jua kuzama haikukuwa na shetani yoyote, mbona nayo ilitoka?

#18 Kijana_Kenya
Televizyo, yaya.

#19 Mwana_Kasai_Lshi
Nasoma tangu asubuhi na hakuna mwenye kutaja kitambaa! Siyo lazima ianze ku tablo. Velure ya raffia, kitambaa ya nyuzi za majani ya mitende, ya Bakuba, ya kwetu Kasai, banaume banasuka raffia, ba mama banashona nyuzi na kukata mupaka inakuwa laini kama manyoya. Mistari inaenda, kiisha bila kukuambia inabadilika, pembe inakuwa kubwa, kulere inageuka katikati. Matisse, pentre Mufaransa, alikuwa nazo mingi ku ukuta ya studio yake Ufaransa, alikaa akiziangalia. Sasa sisi tunaenda Ufaransa kutafuta inspirasyo (salamu @Ibanda_Bukavu) na bao balikuwa banatafuta ku raffia yetu 😀
Mi niliitia moja tu juu ya fotei ya kahawia, ukuta beji, rido ya kitani yenye haina maua. Kitu ya maana: ukiwa na kitambaa yenye maneno mingi hivi, bintu bingine binyamaze. Na usiikalie na usiioshe, itundike.

#20 Ibanda_Bukavu
Salamu imefika kaka 😄 Lakini Van Gogh mwenyewe alikuwa na picha za Wajapani ukutani, na Monet, mchoraji wa Ufaransa, chumba chake cha kulia Giverny ni njano yote na picha za Kijapani zimejaa. Hakuna aliyebaki nyumbani kwake tu. Nipe maelekezo ya raffia, nataka moja kwa sebule.

#21 Goma_Himbi
Jamani mnaongea ukuta wa beji, chokaa, saruji. Sisi Goma nyumba nyingi ukuta ni jiwe la volkano, jeusi, lenye matundu. Hata ndani. Sebule yangu ukuta mmoja nimeuacha jiwe tupu maana ni zuri, na baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka 2002 jiwe ndilo tulilokuwa nalo kila mahali. Nina picha moja ya soko, rangi kali, nyekundu na njano za vitenge. Nikiiweka kwenye jiwe inaonekana kama taa imewashwa, inawaka. Kwenye ukuta mweupe wa upande wa pili inakuwa ya kawaida. Hiyo imenishangaza, maana kila mtu ananiambia nyeusi inafanya nyumba ndogo.

#22 Fundi_Rangi_Ruashi
@Goma_Himbi acha jiwe vile iko, usisikie bantu. Nyeusi yenye haing'ae inameza mwangaza yote ya pembeni, inabakia tablo peke. Njo ile ile nilimwambia mama, ukuta inyamaze. Wewe ukuta yako inanyamaza kwa nyeusi, yake kwa muchanga.

#23 MamaSalo_Kamalondo
Niliifanya ya kartoni jana. Nimepiga tatu, ya muchanga, ya majani ya kukauka, na moja ya pinki-udongo yenye iko mu kivuli ya mukia ya samaki, hata sikukuwa najua iko pale. Usiku na taa ya batri muchanga ilikufa, vile fundi alisema. Ile ya pinki-udongo ilibakia na uzima. Nyumba yote inabishana, kaka yangu anasema ni kulere ya nyama. Mnaonaje?

#24 Shaba_na_Malakiti
Pinki-udongo na shaba? Mama usiulize tena, piga.

#25 Mwalimu_Katuba
Iangalie na ngozi ya ule mwanamuke pembeni. Kama ukuta inamufanya aonekane mugonjwa, iache. Yeye njo mwenye nyumba hapo.

#26 Yaya_BelAir
"Mwenye nyumba" 😳 Mwalimu unasikia kile unasema?

#27 Goma_Himbi
Samahani kurudi kwangu, fundi, sasa msumari kwenye jiwe la volkano unaingiaje? Nimevunja wa chuma tayari, jiwe linamumunyuka matundu yanakuwa makubwa, na picha ni nzito ina kioo.

#28 Fundi_Rangi_Ruashi
Usipige mu jiwe, piga mu saruji kati ya mawe, na perseze (mashini ya kutoboa) bila ile nguvu ya kugonga, kiisha tia sheviye ya plastiki na visi. Kama saruji ni ya unga unga, kamata ubao mrefu, ufunge juu kabisa karibu na plafo, pale kuna sheneje ya beto, ule mukanda wenye kuzunguka nyumba juu ya ukuta, utundike tablo na waya mbili zenye kushuka. Na siku utataka kuibadilisha nafasi hautatoboa tena. Uko na sheneje juu ya ule ukuta ao jiwe inafika mupaka ku mabati?

#29 Goma_Himbi
Linafika hadi mabati.

#30 Fundi_Rangi_Ruashi
Basi tuma foto ya kona ya juu, nione mbao ya mabati inapita wapi.